AMANA IKIPITA MIKONO MINGI, NANI ATAIJIBIA?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo, akasema halifai kuandikiwa karatasi ya msikitini. Nalo ni mzigo, au koli kama tunavyosema hapa Bunia: kile kifurushi ambacho ndugu yako amekufungia huko aliko, akakitia mkononi mwa mtu, na wewe ukakaa kukingoja.

Ni nani kati yetu hajangoja? Huyu ana mtoto Kampala, yule ana kaka Kisangani, mwingine ana dada Dubai au Ubelgiji. Unapigiwa simu: "Nimeshatuma." Unahesabu siku. Ukienda kwenye ajansi unaambiwa gari halijafika. Ukirudi unaambiwa gari limefika, lakini mwenye ufunguo wa dipo ametoka. Siku ya tatu unaambiwa mzigo umekwisha kutolewa. Umetolewa kwa nani? Hakuna anayejua. Na hata ukiupata, mara nyingine kamba si ile iliyofungwa, sukari imepungua, na bado unaombwa pesa juu ya zile zilizolipwa huko ulikotoka.

Basi hapo ndipo penye swali letu la leo. Amana ikipita mikono mingi, nani ataijibia mbele ya mwenyewe, na mbele ya Mwenyezi Mungu? Ni aliyeipokea mwanzo? Ni aliyeishika mwisho? Au makosa yakigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja anabaki na sehemu moja ya kumi ya dhambi, sehemu ndogo ambayo anaweza kulala nayo usingizi?

MIWANI YA MAMA

Mwandishi wa karatasi hii ana kisa chake, naye anakieleza si kwa kujisifu, maana hakimsifu.

Mwaka 2023, kabla ya Ramadhani, mdogo wangu aliyeko Kampala alimtengenezea mama yetu miwani. Mama ni mtu mzima, macho yamechoka, na kwa miaka mingi desturi yake ni kuhitimu Qur'ani ndani ya mwezi wa Ramadhani. Macho yalipimwa hapa Bunia, karatasi ya vipimo ikapelekwa kwa simu, miwani ikatengenezwa kule. Ikafungwa ndani ya boksi dogo, ikatiwa ndani ya basi, ikapita Pakwach na Nebbi mpaka mpakani Goli, ikavuka kuingia Mahagi, ikaja Bunia kwa gari lingine. Ilipita mikononi mwa watu wasiopungua watano.

Wiki ya kwanza ya mfungo ikapita. Ya pili ikapita. Nilikwenda kwenye ajansi mara nne. Mara ya nne karani hakufungua hata daftari. Akasema, "Huo tulimpa motari akuletee," akanitajia kijana mmoja wa pikipiki anayengojea abiria karibu na hapo.

Nikatoka na hasira zangu na njaa ya saumu. Nikamkuta kijana pamoja na wenziwe. Sikumsalimia. Nikamwambia mbele ya watu, "Wewe ni mwizi. Toa miwani ya mama yangu."

Ndugu zangu, mnajua neno hilo lina uzito gani. Neno "mwizi" likitamkwa kwa sauti penye watu wengi, hakuna anayeuliza shahidi. Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja alimshika kijana shati. Mwingine aliinama, akaokota jiwe. Kijana akawa anatetemeka, akasema, "Papa, mimi sijui koli yako. Ile niliyopewa nilimpelekea mama mmoja wa Mudzi-Pela. Mpigie simu."

Mzee mmoja muuza viazi, ambaye si Muislamu, akaacha mali yake chini akaja kusimama katikati yetu. Akasema neno moja tu: "Mpigieni kwanza huyo mama." Akapigiwa. Akasema ni kweli, alipokea kitambaa chake kutoka kwa kijana huyo, na kilikuwa kamili.

Tukarudi kwenye ajansi pamoja na yule mzee. Dipo likafunguliwa. Boksi la mama lilikuwa ndani, chini ya magunia, limekaa hapo siku kumi na sita. Juu yake ilikuwa imeandikwa namba yangu ya simu ya zamani, ambayo niliiacha mwaka uliotangulia bila kumwambia mdogo wangu. Chini yake ilikuwa imeandikwa namba ya pili, ya mke wangu, waziwazi kabisa. Hakuna aliyeipiga.

Mama alivaa miwani yake usiku wa ishirini na saba. Mwaka ule hakuhitimu. Alisema, "Alhamdulillah, nitasoma nilipojaaliwa," wala hakumlaumu mtu. Lakini mimi sikulala, si kwa ajili ya miwani, bali kwa ajili ya lile jiwe.

KOSA LILIKUWA LA NANI?

Tuhesabu pamoja. Mdogo wangu aliandika namba bila kuuliza kama bado inatumika. Mimi nilibadilisha namba nikanyamaza. Mpokeaji wa mizigo aliweka magunia juu ya boksi la miwani. Karani hakupiga namba ya pili, kisha alipoona uvivu wa kufungua daftari akasema uongo mwepesi ili niondoke mbele ya meza yake. Kila mmoja wetu akiulizwa atajibu: "Mimi kosa langu ni dogo tu." Na ni kweli! Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kijana asiye na kosa hata moja alikaribia kupigwa mawe.

Hapa ndipo fikra zetu zinapokwenda upande. Tunadhani wajibu ni kama mkate, kwamba ukigawanywa kwa wengi kila mmoja anapata kipande. Lakini amana haigawanyiki hivyo. Amana ni kama mtoto mchanga anayepokezanwa katika mkusanyiko wa akika. Hakuna anayeshika robo ya mtoto. Aliyemshika amemshika mzima, na akimwangusha hawezi kusema, "Tulikuwa watano."

Jambo la pili ni hili. Lawama isipofuatiliwa kwa haki, huteremka kama maji na kutafuta mahali pa chini. Haimwendei mwenye ajansi, kwa kuwa ana ofisi na muhuri. Haimwendei karani, kwa kuwa ana meza. Inamwendea motari, ambaye hana meza wala muhuri, na mara nyingi hata pikipiki si yake, bali kila jioni anampelekea tajiri hesabu yake. Basi Muislamu anayetafuta mali yake iliyopotea ana wajibu mbili: asiache haki yake ipotee, na asiichukue kwa mtu asiyehusika. Aliyedhulumiwa akigeuka kudhulumu mwingine, dhuluma zimekuwa mbili.

WATU WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Tatizo hili si la leo. Katika zama za Khalifa Muawiya, aliyetawala toka mwaka 661 mpaka 680, dola ya Kiislamu iliweka mpango wa barid, yaani wapanda wanyama waliopokezana barua kituo kwa kituo. Barua moja ilipita mikono mingi, nayo ilitakiwa kufika kana kwamba ni mkono mmoja. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta mizigo mpaka Kongo kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Wako waliolipwa, na wako waliobebeshwa kwa nguvu. Hapo tuseme kweli: kumbebesha mtu kwa nguvu ni dhuluma kubwa kuliko kupoteza mzigo wowote. Tukumbuke hilo kila tunapotaka kumwona mbebaji kuwa chini yetu.

Wasiokuwa Waislamu nao walilifikiria jambo hili. Mwaka 1874 nchi 22 zilikutana mjini Bern, Uswisi, zikakubaliana kwamba kwa habari ya barua nchi zao zote zihesabiwe kuwa eneo moja la posta. Maana yake, barua ikivuka mpaka isiwe yatima. Na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu usafiri wa ndege kati ya mataifa, unasema kwamba mzigo uliopitia mashirika kadhaa ukipotea au kuharibika, mtumaji anaweza kulidai shirika la kwanza, mpokeaji anaweza kulidai la mwisho, na kila mmoja wao anaweza pia kulidai lile lililokuwa na mzigo wakati ulipopata madhara. Mashirika hayo yanabeba dhamana pamoja, kisha yatajuana yenyewe kwa yenyewe. Tazameni hekima iliyomo! Hawakumwambia mtu mnyonge, "Nenda ukatafute mwenyewe ni mkono gani ulioangusha." Walisema: mshike huyu unayemwona, naye atamtafuta mwenzake.

Lakini hapa kwetu nyumba nyingi hazina namba, na hakuna mtu wa posta anayegonga mlango. Anwani yetu ni "nyuma ya msikiti, uliza nyumba yenye mwembe." Kinachomfikisha motari mlangoni kwako ni simu na uaminifu wake. Penye sheria dhaifu na anwani dhaifu, uaminifu ndio unaobaki. Nao ukivunjika, hatuna kingine cha kushika.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na papo hapo, katika aya hiyo hiyo, anatuamrisha tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Tazama mambo haya mawili yalivyowekwa pamoja. Karani alivunja la kwanza, na mimi pale njiani nilivunja la pili.

Wanazuoni wamefundisha kwamba mtu aliyewekewa amana hatozwi ikipotea bila kosa lake. Hutozwa akivuka mpaka, kama kuifungua au kuitumia, au akizembea, kama kuiacha pasipo ulinzi. Ama yule anayepokea mali za watu wengi kwa malipo, hapo wametofautiana. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (R.A.) aliwatoza dhamana mafundi waliopokea mali za watu, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatatengenea ila kwa hivyo. Sababu yake inaeleweka: kila fundi angesema "imepotea", nani angepata nguo yake?

Lakini tusiwe wakatili. Barabara zetu tunazijua. Mwezi Septemba 2021, katika eneo letu la Irumu, msafara wa magari yaliyosindikizwa na jeshi ulishambuliwa katika barabara ya Komanda kwenda Luna, na magari yakachomwa moto. Dereva aliyeponea porini na nguo moja mwilini, utamdai gunia la mchele? Huyo ni wa kupewa pole na kuombewa. Tofauti ni kwamba balaa ya Komanda ina mashahidi, na ajansi mwaminifu hukupigia simu siku ile ile kukueleza lililotokea. Yule mzembe hungoja uende mara nne, kisha akakwambia "barabara ni mbaya", na kumbe mzigo uko ndani ya dipo lake. Vita visifanywe shuka la kufunikia uvivu.

SOMO LA USIKU WA HIJRA

Mtume wetu (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alikuwa msafirishaji wa mali za watu. Alikwenda na biashara ya Bibi Khadija (R.A.) mpaka Sham, akarudi na hesabu iliyo kamili. Watu wa Makka wakamwita Al-Amin. Hata walipomfanya adui, waliendelea kuweka vitu vyao vya thamani kwake, kwa kuwa hawakuona mahali pengine pa salama.

Ulipofika usiku wa Hijra mwaka 622, watu walikwisha kupanga kumuua. Kama kuna mtu aliyekuwa na udhuru wa kusema "hali ni mbaya, njia imefungwa, vitu vyenu mtanisamehe", basi ni yeye. Hakusema hivyo. Alimwacha Ali (R.A.) nyuma, penye hatari, ili kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe, na Ali alibaki Makka siku tatu mpaka alipomaliza.

Tuangalie vizuri. Mtume (S.A.W.) naye aliipokeza amana mkono mwingine. Kupokeza si dhambi. Lakini alichagua mkono anaoujua, akaueleza cha kufanya, na kazi haikuhesabiwa imekwisha mpaka mwenye mali alipopata mali yake. Huko ndiko kupokeza. Kumtupia motari boksi kwa dirisha na kuandika "limetoka" ni kujivua amana, wala si kupokeza.

BASI TUFANYE NINI?

1. Mtumaji: Andika jina, mahali na namba mbili za simu zinazofanya kazi, na umpigie mpokeaji kabla ya kufunga. Sema kweli kilichomo. Ukificha chupa ndani ya nguo, ikavunjika, usimlaumu mbebaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Mwenyezi Mungu ametuagiza katika Suratul Baqara kuandikiana, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Qur'ani.

2. Mwenye ajansi na karani wake: Andika anayeleta, andika anayechukua, tazama kadi yake ya uchaguzi kabla ya kumkabidhi. Kama hujui mzigo uko wapi, sema "sijui, ngoja nitafute." Neno "sijui" halijamuua mtu. Neno "tulimpa fulani" laweza kuua.

3. Dereva na motari: Usifungue kisicho chako hata kamba ikilegea. Mpigie mpokeaji mbele ya aliyekupa mzigo, ili mjue kuwa namba ni ya kweli. Usiache boksi kwa jirani bila ruhusa. Ukikabidhi, kabidhi mbele ya mtu.

4. Mpokeaji: Ukibadilisha namba, waambie watu wako. Mlipe motari haki yake pale pale mlangoni, bila kumzungusha, maana Mtume (S.A.W.) alituhimiza tumlipe mfanyakazi ujira wake upesi. Kikipotea kitu, anza kuuliza kwa yule uliyemlipa na aliyekupa risiti. Uliza kwa daftari, usiulize kwa ngumi.

5. Sisi sote: Tukisikia mtu anaitwa mwizi, tuwe kama yule mzee muuza viazi. Alihitaji simu moja tu na ujasiri wa kusimama katikati.

Labda mtu atasema, "Mshahara wangu ni mdogo, silipwi kwa kazi yote hiyo." Ndugu yangu, kama malipo hayatoshi, dai malipo, au ukatae kazi, na hiyo ni haki yako. Lakini ukishanyoosha mkono ukapokea, umepokea. Boksi halikuulizi unalipwa kiasi gani. Hujui limebeba nini. Kwako ni boksi dogo lisilo na thamani, na kwa mama fulani ni macho yake ya Ramadhani.

MWISHO WA KISA

Baada ya Idi nilimwendea yule kijana. Kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya watu, niliona ni wajibu nimwombe radhi mbele ya watu. Nikasimama pale pale, nikasema, "Mwanangu, nilikutukana kwa kosa lisilo lako. Nisamehe." Yule mzee alikuwapo. Kijana akanipa mkono, akasema, "Papa, nimesamehe. Lakini toka siku ile sibebi tena koli za watu. Nabeba abiria tu."

Sikuwa na la kumjibu. Mkono mmoja mwaminifu umepungua katika mji wetu, nami ni mmoja wa waliouondoa. Radhi niliipata, alhamdulillah, lakini mkono ule haujarudi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana zao, azilinde njia zetu na wote wanaosafiri ndani yake, awarudishe salama madereva na vijana wetu wa pikipiki kwa mama zao, na atusamehe kwa kila mtu tuliyemtuhumu bila ya haki. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

(Ndugu, karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako, na ukimpa mtu ampelekee mwingine, uliza kama imefika.)